PDF ya fomu inakataa kuandikwa juu yake, nifanyeje bila kuvuruga mpangilio?

Dawati_la_Kata

Wakuu, habari za kazi. Nina fomu ya maombi ya kurasa 4, faili la PDF. Wanataka ijazwe kwa kuchapa, si kwa mkono, kisha irudi kwa barua pepe ikiwa PDF vilevile. Kurasa 3 za mwanzo zina mistari ya nukta na jedwali moja. Ukurasa wa 2 una visanduku 20 vya namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa), tarakimu moja kila kisanduku. Ukurasa wa 4 unaonekana umeskaniwa.

Nikibofya kwenye nukta hakuna kinachotokea. Adobe Reader inaonyesha SECURED juu ya dirisha, na Fill & Sign imezimwa. Word inaifungua, ila jedwali linavunjika na visanduku vinasambaa ukurasa mzima. Natumia Windows 10, sina Acrobat ya kulipia. Mpangilio ukibadilika hata kidogo wanairudisha. Nianzie wapi?

---

FundiFaili

Mkuu, achana na Word kwa kazi hii. PDF haina aya wala jedwali kama tunavyovijua kwenye Word. Ndani yake kuna maagizo tu: weka herufi hii kwenye pointi hii, chora mstari kutoka hapa hadi pale. Word inajaribu kukisia aya na jedwali kutokana na maagizo hayo. Kwa barua ya maneno matupu inakisia vizuri, lakini kwa fomu yenye visanduku haiwezi.

Kabla ya kuchagua programu, jua kwanza faili linakataa kwa sababu gani, kwa kuwa sababu ni kadhaa na kila moja ina dawa yake. Pakua qpdf na Poppler, programu za kushughulikia PDF kwa amri, zote ni za bure na zina toleo la Windows. pdfinfo, pdffonts na pdftoppm zimo ndani ya Poppler. Fungua dirisha la amri kwenye folda yenye fomu, uandike:

`pdfinfo -f 1 -l 4 fomu.pdf`
`pdffonts fomu.pdf`
`qpdf --show-encryption fomu.pdf`

Kwenye pdfinfo tazama mstari wa "Form". Ukisema none, fomu haina sehemu hata moja ya kujazia. Zile nukta ni mchoro tu, ndiyo maana ukibofya hakuna jibu. Ukisema AcroForm, sehemu zipo na hata kivinjari kitazijaza. Ukisema XFA, hiyo ni jamii nyingine kabisa: kwenye vivinjari vingi au simu utaona ukurasa mmoja wenye maneno "Please wait", na itafunguka sawasawa hasa kwenye Adobe Reader ya kompyuta. Fomu za uhamiaji za Kanada, mfano IMM 5257, zimetengenezwa kwa namna hiyo, na watu wengi hudhani faili limeharibika.

Hapohapo tazama "Encrypted", ukubwa wa kila ukurasa, na "rot" (mzunguko wa ukurasa). Ukurasa wenye rot 90 unaweza kukuletea maandishi yaliyolala ubavu.

pdffonts inakuonyesha fonti zilizomo. Orodha ikiwa tupu, huenda faili zima ni picha. Kwa ukurasa mmoja mmoja kipimo chepesi ni kujaribu kuchagua neno kwa mausi. Lisipochagulika, huenda ukurasa huo umeskaniwa.

Lete majibu hapa tuone.

---

wino_mweusi

Naongezea kitu kuhusu fonti, maana watu wengi wanahangaika nacho bila kujua chanzo. Kwenye matokeo ya pdffonts kuna safu ya "sub". Ikisema yes, faili limebeba zile herufi zilizotumika tu, si fonti nzima. Chukua kichwa cha habari FOMU YA MAOMBI chenye fonti yake peke yake. Ndani ya faili kuna A, B, F, I, M, O, U na Y, basi. Ukitaka kukibadilisha kiwe KAMATI, utapata A, M na I. K na T hazimo. Programu itakataa, au itaweka kisanduku kitupu, au itaazima fonti nyingine na neno litaonekana lina viraka.

Kwa hiyo tenganisha mambo mawili: kubadilisha maneno yaliyomo, na kuongeza maneno juu yake. La kwanza ni gumu, na kwa fomu ya watu wengine si haki yako. La pili ndilo unalolihitaji, na halitegemei fonti ya faili hata kidogo, kwa sababu maandishi yako yanakuja na fonti yake.

---

binti_wa_bandari

Kwa anayesoma mwenye fomu isiyofungwa, asihangaike na amri. Firefox kuanzia toleo la 106 ina alama ya T juu kulia ukifungua PDF. Bofya T, bofya juu ya nukta, andika, chagua ukubwa na rangi, kisha pakua kwa kitufe cha kuhifadhi. Kwenye simu ya Android, Fill & Sign ya Adobe Reader inatosha, na ina kitufe cha kutawanya tarakimu ili ziingie kwenye visanduku.

Angalizo moja. Maandishi ya namna hii mara nyingi huhifadhiwa kama maoni yaliyobandikwa, hayawi sehemu ya ukurasa wenyewe. Mpokeaji anaweza kuyasogeza au kuyafuta. Akiprinti kwenye Reader huku amechagua "Document" badala ya "Document and Markups", fomu inatoka tupu. Ukimaliza, tengeneza nakala iliyogandishwa:

`qpdf --generate-appearances --flatten-annotations=all fomu.pdf fomu-mwisho.pdf`

Ukituma kwa WhatsApp, tuma kama hati. Usipige picha ya skrini, maana picha inabanwa na namba ndogo zinafifia.

---

Dawati_la_Kata

Asanteni sana wakuu. Majibu ni haya:

Form: none
Encrypted: yes (print:yes copy:no change:no addNotes:no algorithm:AES)
Kurasa 1 hadi 3: 595.32 x 841.92 pts (A4)
Ukurasa wa 4: 2480 x 3508 pts
rot: 0 kote

Fonti ni 3, zote emb yes (zimo ndani ya faili), sub yes. qpdf inaonyesha nenosiri la kufungulia ni tupu.

Nimewapigia waliotoa fomu. Hawana nakala nyingine. Wanasema nijaze kwa njia yoyote, ila maneno yao yasiguswe.

---

mzee_wa_steshenari

Hiyo simu uliyopiga ilikuwa ya lazima, umefanya jambo la maana. PDF huwa na kufuli za aina mbili. Moja inazuia kufungua faili. Bila nenosiri lake hupiti. Nyingine inaacha faili lifunguke, ila inaiambia programu isiruhusu kubadilisha, kunakili au kuongeza maoni. Yako ni hii ya pili. Ni tamko la mwenye faili, na Adobe inalitii. Kuliondoa ni rahisi kitaalamu, lakini liondoe tu kama mwenye faili ameridhia, kama hapa.

Wengine mnaosoma: cheti, risiti, taarifa ya benki, barua iliyokwisha kutolewa, msiziguse. Huko ni kughushi. Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, Kenya kuna ya 2018, na zote zinagusa kughushi kwa kompyuta.

Jambo la pili ni saini ya kidijitali. Ikiwa imo, badiliko lisiloruhusiwa linaibatilisha, na kuprinti upya kuwa PDF kunaifuta kabisa. Fungua Reader utazame kama kuna ukanda wa saini juu ya ukurasa. Ikiwepo, rudi kwa waliosaini.

---

FundiFaili

Sawa. Huna sehemu za kujazia, una kufuli la ruhusa, na una ukurasa mmoja wa picha. Njia safi ni kuandika maandishi yako kwenye karatasi tupu ya PDF yenye ukubwa uleule, kisha kuipachika juu ya fomu. Maneno ya fomu hayaguswi kabisa.

Ondoa kufuli kwenye nakala, si kwenye faili la asili:

`qpdf --decrypt fomu.pdf wazi.pdf`

Toa picha za kurasa 3 za mwanzo uzitumie kama kielelezo:

`pdftoppm -r 150 -png -f 1 -l 3 wazi.pdf picha`

Kila picha itakuwa na pikseli kama 1240 kwa 1754. Fungua LibreOffice Draw (programu ya bure ya kuchora), weka ukurasa A4, kisha ingiza picha ya ukurasa wa 1. Bonyeza F4, weka nafasi 0 na 0, upana sm 21, urefu sm 29.7, na uifungie isisogee. Fanya vivyo hivyo kwenye ukurasa wa 2 na wa 3. Sasa F2, buruta kisanduku cha maandishi juu ya nukta, andika. Arial pointi 10 au 11 inakaa vizuri. Nyanyua mstari pointi 1 au 2 juu ya nukta, la sivyo mikia ya herufi g, j na y inazama ndani yake na jina linasomeka vibaya. Kingo za ndani za kila kisanduku cha maandishi ziweke sifuri kupitia "Text Attributes", ili unachokipima kwa rula ya Draw kiwe ndicho kinachotoka.

Ukimaliza, futa picha zote tatu. Hapa ndipo wengi wanakosea. Picha ikibaki, inafunika fomu halisi, maneno yanakuwa na ukungu, na faili linavimba. Kisha hamisha kuwa PDF kwa jina maandishi.pdf na upachike:

`qpdf wazi.pdf --overlay maandishi.pdf --to=1-3 -- hatua1.pdf`

Zile alama mbili za kistari zilizosimama peke yake kabla ya hatua1.pdf zisisahaulike, bila hizo amri haiendi.

Ukurasa wa 4 ufanye peke yake. Aliyeuskani ameacha pikseli 2480 zihesabiwe kama pointi 2480, kwa hiyo kwa PDF ukurasa huo una upana wa sm 87.49 na urefu wa sm 123.75. Ukiandika kwa pointi 12 utaona vijidudu. Tengeneza ukurasa wa Draw wenye vipimo hivyohivyo, na tumia pointi 50, ambazo zikiprintiwa kwenye A4 ni sawa na 12. Picha ya kielelezo itoe kwa -r 36 (pikseli 36 kwa inchi), itakuja na pikseli 1240 kwa 1754 kama zile nyingine. Halafu:

`qpdf hatua1.pdf --overlay ukurasa4.pdf --to=4 -- fomu-iliyojazwa.pdf`

Huhitaji kuusomesha ukurasa huo kwa programu ya kutambua herufi. ocrmypdf na lugha ya swa (Kiswahili) inaweka tabaka la maneno lililofichika ili uweze kutafuta. Picha inabaki picha.

---

wino_mweusi

Kwenye visanduku 20 usiweke tarakimu moja moja kwa mkono, hazitalingana. Tumia fonti ambayo kila herufi ina upana sawa, Courier New au Liberation Mono. Kwa pointi 12 kila tarakimu inachukua pointi 7.2. Pima kisanduku kimoja kwenye Draw. Tuseme ni mm 6, ambayo ni pointi 17. Toa 7.2, inabaki 9.8. Hiyo ndiyo nafasi unayoiongeza kati ya herufi, kupitia "Character", kichupo cha "Position". Andika tarakimu zote 20 mfululizo bila vistari.

Ukingo wa kushoto wa maandishi uanze nusu ya 9.8 ndani ya kisanduku cha kwanza, yaani pointi 4.9, kama mm 1.7. Kisanduku cha maandishi kiwe kipana kuliko sm 12, kisipotosha tarakimu za mwisho zinashuka mstari wa chini. Kama visanduku vyako si mm 6, badilisha hesabu: pima visanduku vyote 20 kwa pamoja ugawanye kwa 20. Ukipima kimoja tu, kosa dogo la robo milimita linakuwa mm 5 ukifika mwisho, na tarakimu ya mwisho inatoka nje.

---

Dawati_la_Kata

Visanduku vyangu vyote 20 ni mm 110. Kwa hiyo 5.5, pointi 15.6, nafasi 8.4?

Na swali la mwisho: ile tahadhari ya maoni kutoonekana kwenye kuprinti, inanihusu na njia hii?

---

FundiFaili

Hesabu ni sahihi, na uanzie pointi 4.2 ndani ya kisanduku cha kwanza.

Hapana, haikuhusu. Kilichopachikwa kwa overlay ni sehemu ya ukurasa, si maoni, kwa hiyo kinaonekana na kuprintiwa popote. Kwa sababu hiyohiyo hutaweza kukirekebisha ndani ya fomu-iliyojazwa.pdf. Hifadhi lile faili la Draw. Jina likikosewa, rekebisha pale, hamisha upya, na urudie zile amri kuanzia wazi.pdf, usianzie kwenye faili ambalo tayari limejazwa, kwa sababu maandishi mapya yatakaa juu ya ya zamani na yote mawili yataonekana.

Kabla ya kutuma, fungua fomu kwa programu mbili tofauti, Reader na Edge kwa mfano, na ukuze ukurasa wa 2 hadi asilimia 400 uangalie kisanduku cha kwanza na cha ishirini.