Uzi wa malalamiko: Mpwa wangu ameulizwa alikonunuliwa, na aliyeuliza mnamjua nyote

Mjomba wa Mutrah
Ndugu zangu, assalaam alaykum. Nimetoka uwanjani hivi punde, viatu sijavivua, na sitaki kulala na jambo hili kifuani. Sitamtaja mtu jina kwa sababu hakuna haja: kila aliyewahi kukaa jukwaani kwenye mashindano ya riadha ya vijana wa nchi za Kiarabu anamjua yule bwana wa kiti cha mbele, mwenye beji tatu shingoni zisizomruhusu kuingia popote, ambaye tangu enzi za kupima muda kwa saa ya mkono anawafundisha wenzake namna ya kukimbia, ilhali yeye mwenyewe akipanda ngazi nne hupumzika mara mbili.

Leo ilikuwa fainali ya mita 3000 kuruka viunzi na maji. Mpwa wangu alikuwemo, amevaa jezi ya Oman, nchi aliyozaliwa yeye na mama yake pia, baada ya babu yake kurudi kutoka Unguja katika miaka ya 1970. Kengele ya mzunguko wa mwisho ilipolia, dada yangu alisimama akapaza sauti kwa lugha aliyomlelea: "Kaza, mwanangu! Maji yamebaki mara moja tu!" Hapo ndipo yule bwana alipogeuka, kikombe cha kahawa mkononi, akamtazama dada yangu kuanzia ushungi hadi viatu, kisha akauliza kwa sauti iliyofika mpaka kwa watupa tufe: "Huyu mmemnunua wapi?"

Mmemnunua wapi, kana kwamba ni Mkenya aliyelipwa abadilishe uraia! Kijana ameruka viunzi mara 28 na maji mara 7, na viunzi vyenyewe ni vile vizito ambavyo ukivigonga huanguka wewe, halafu mama yake anadaiwa risiti. Hakuuliza jina la kijana, wala mkufunzi wake ni nani, aliuliza duka. Na alipoona tumeduwaa, alikunywa funda moja la kahawa, ambayo ilikuwa ya kwetu na tulimkaribisha sisi wenyewe, akarudia taratibu kana kwamba tatizo ni masikio yetu: "Nasema, huyu mmemnunua wapi?"

Dada yangu hakujibu. Alikifunga kifuniko cha chupa ya kahawa, na wanaomjua wataelewa ukubwa wa adhabu hiyo. Mimi sina hoja ndefu. Nataka tu ijulikane kwamba alisema mmemnunua wapi, kwamba alisema mara mbili, na kwamba kahawa ilikuwa na iliki.

Mweka Kasi
Pole sana, Mjomba. Kabla hatujaenda mbali, kijana amemaliza wa ngapi?

Mjomba wa Mutrah
Amemaliza wa tisa, lakini hilo halihusiani na mada.

Mweka Kasi
Linahusiana sana. Ikiwa kweli mlimnunua, basi mmepunjwa, na ningekushauri uirudishe bidhaa kabla muda wa dhamana haujakwisha. Yule bwana huenda aliuliza duka ili asije akapotelea humo yeye mwenyewe.

Mjomba wa Mutrah
Naona wewe na yeye mnanyolewa na kinyozi mmoja. Mtu amemdhalilisha mama mbele ya umati, kikombe cha mama huyo huyo kikiwa mkononi mwake, nawe unahesabu nafasi.

Msoma Kanuni
Niruhusuni niseme jambo moja ambalo yule bwana angelijua kama angesoma kitu kingine zaidi ya beji zake. Februari 2017 Shirikisho la Riadha Duniani lilisimamisha uhamisho wote wa wanariadha kutoka nchi moja kwenda nyingine, na utaratibu mpya ulipotoka mwaka 2018, ukaweka masharti kwamba mwanariadha aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja hawezi kuhamia nyingine kabla hajatimiza miaka 20, na kwamba lazima angoje miaka 3. Mashindano ya vijana ni ya wasiotimiza miaka 20 kufikia tarehe 31 Desemba ya mwaka husika. Kwa hiyo, aliyetaka kununua mwanariadha aliyekwisha kuvaa jezi ya nchi nyingine ameingia soko lisilokuwa lake.

Mjomba wa Mutrah
Ahsante, Maalim. Lakini hata kama kanuni isingekuwepo, je, ndiyo amuulize mama mmemnunua wapi?

Mwana wa Iten
Mjomba, nakuonea huruma, lakini usililie machozi yetu. Ninyi mmeulizwa tu. Sisi Wakenya ndio tulionunuliwa kweli. Mwaka 2003 Stephen Cherono alibadilisha uraia, akawa Saif Saaeed Shaheen, na wiki chache baadaye akatwaa dhahabu ya dunia ya mbio hizi hizi za viunzi na maji jijini Paris kwa jezi ya Qatar, Ezekiel Kemboi wetu akiwa wa pili. Mwaka uliofuata aliweka rekodi ya dunia ya dakika 7:53.63 jijini Brussels, rekodi iliyodumu hadi 2023. Juzi hapa, katika Olimpiki ya Paris 2024, Winfred Yavi aliyezaliwa Makueni alichukua dhahabu ya mbio hizo kwa wanawake, kwa jezi ya Bahrain, kwa dakika 8:52.76, nyuma yake wakafuata Mganda na Mkenya, yaani jukwaa zima la medali lilikuwa la wazawa wa Afrika Mashariki, halafu tukasimama kuusikiliza wimbo wa taifa ambao hakuna hata mmoja kijijini kwetu aliyejua unaishia wapi. Kama kuna mtu mwenye haki ya kufungua uzi wa malalamiko, ni mimi.

Msoma Kanuni
Kemboi na wenzake walizoa medali zote tatu kwenye Olimpiki ya Athens mwaka 2004 bila Shaheen, kwa sababu Kenya ilikataa kumruhusu aikimbilie Qatar. Mlilipwa.

Mwana wa Iten
Hiyo ilikuwa riba tu.

Mngazija wa Dar
Mnagombania Wakenya wakati sisi wa Komoro hatuulizwi hata bei. Tumo katika Jumuiya ya Nchi za Kiarabu tangu mwaka 1993, lakini kijana wetu akijitokeza na fulana ya Komoro, mshehereshaji huinama kutafuta ramani kwanza ndipo alitaje jina lake. Afadhali wewe, Mjomba, uliyeshukiwa kuwa na fedha za kununulia mtu. Sisi kijana wetu hukimbia mita 100 asubuhi, akaruka chini mchana, na jioni akaombwa asaidie kubeba bendera.

Binti Eastleigh
Nami nashangaa, wajomba zangu. Somalia imo katika jumuiya hiyo tangu 1974, na mwaka 1987 Abdi Bile alishinda mita 1500 za ubingwa wa dunia jijini Rome. Siku ile hakuna aliyeuliza kanunuliwa wapi. Watu wa viti vya mbele huwa na kawaida hii: mtu mweusi akiwa wa kwanza ni fahari yetu sote, akiwa wa tisa ni Mkenya.

Mjomba wa Mutrah
Allah akuzidishie, binti yangu. Huyu ndiye aliyeelewa uzi. Narudia kwamba alisema mara mbili.

Saa ya Mkono
Wakati mnajadili uraia, mimi nataka kujua nani anakagua umri. Leo nimeona mtupa tufe wa mashindano ya vijana ambaye ndevu zake zilifika kwenye tufe kabla ya mkono, na jukwaani kulikuwa na mtoto anayeota meno akimpigia makofi na kumwita baba. Mpwa wako kama ameshindwa na watu wa namna hiyo, basi nafasi ya tisa ni ya heshima.

Mweka Kasi
Ndevu si cheti cha kuzaliwa. Mimi nilianza kunyoa nikiwa darasa la saba.

Saa ya Mkono
Na darasa la saba ulilifikia ukiwa na miaka mingapi?

Mama wa Kijiti cha Tatu
Jamani, angalau ninyi mnawaona hao wenye ndevu. Mimi niko Doha, namfuatilia mwanangu kwenye matangazo ya mtandaoni. Katika mbio za kupokezana vijiti mita 400 mara nne, yeye hukimbia wa tatu. Alikipokea kijiti akiwa wa nne, nikasogeza kiti, nikashika kitambaa, na papo hapo kamera ikaondoka uwanjani kwenda kumwonyesha mheshimiwa fulani akikabidhiwa shada la maua. Walipolimaliza shada, mwanangu alikuwa amelala chini anahema, na kijiti kinazungushwa na mtu mwingine aliye wa pili. Naambiwa aliwapita watu wawili. Ushahidi nilio nao ni waridi.

Binti Eastleigh
Hao wa kamera nawajua. Kwenye mruko wa juu walituonyesha godoro kwa dakika nzima, na bado walikosa mruko.

Mjomba wa Mutrah
Naomba kwa heshima zote mfungue uzi wenu wa kamera.

Baba wa Mrusha Nyundo
Mnaopewa maua na magodoro shukuruni. Binti yangu anarusha nyundo ya kilo 4, kaka yake ile ya kilo 6 ya vijana, na katika miaka yote hiyo matangazo hayajawahi kuonyesha nyundo ikitua. Huonyesha wavu, huonyesha mgongo wa mwamuzi, kisha namba zinapita chini ya skrini. Ukija uwanjani mwenyewe, unaambiwa shindano liliwekwa asubuhi kwa ajili ya usalama wa wakimbiaji, na kweli jukwaani mko wewe, mwenye mfagio, na yule bwana wa beji, ambaye huwa amelala.

Mama wa Kijiti cha Tatu
Kesho dada yangu atakuwa uwanjani, nami nimemwomba arekodi kwa simu yake. Nyundo ya wasichana ni saa ngapi?

Baba wa Mrusha Nyundo
Saa tatu na nusu asubuhi. Akikuta lango kuu limefungwa, apitie nyuma, kwenye maegesho ya mabasi.