Wagoni au SUV? Nyumbani hatuelewani

Kona_Kali: Wakuu salaam. Familia imekua: watoto wawili na mbwa mkubwa, na gari tuliyonayo haitutoshi tena. Mke wangu anataka SUV, anasema akikaa juu anaona mbele vizuri. Mimi nikiona wagoni imelala chini kama chui, shingo inageuka yenyewe. Napenda kuendesha, siyo kufika tu. Nina hoja, au ni ushabiki?

MzeeWaGia: Hoja unayo. SUV uzito wake uko juu, ukikata kona inalalia upande. Ili isilale sana, watengenezaji wanakaza springi na shokabu, matokeo yake kila shimo unalisikia kiunoni. Wagoni iko chini, haihitaji ukali huo. Na kwa kuwa haina kifua kipana cha kupambana na upepo, kwa injini ileile itakunywa mafuta kidogo ukiwa kwenye mwendo mkali.

Turbo5: Mkuu, tafuta picha za Audi RS2 Avant ya 1994. Silinda tano, lita 2.2, nguvu za farasi 315, na Porsche walitia mkono. Mwaka huohuo Volvo walipeleka wagoni ya 850 kwenye mashindano ya magari ya Uingereza. Watu walicheka, na kweli haikushinda hata mbio moja. Ila hebu niambieni, bila kugugo, nani alikuwa bingwa mwaka ule? Hamumkumbuki, lakini ile wagoni inakumbukwa.

MamaSafari: Ninyi mnaongea kona, mke wa mwenzenu anaongea kukaa juu, na mimi naongeza mgongo. Kuinuka kutoka kiti cha chini kila siku si mchezo, na kwenye barabara mbovu SUV ina raha yake. Lakini shemeji ajue pia kwamba SUV nyingi za sasa zinasukumwa na magurudumu ya mbele tu. Kimo siyo fobaifoo. Angalieni Subaru Outback ya kabla ya toleo la 2026: ni wagoni iliyoinuliwa, uvungu wake unapita sentimita 20.

Kona_Kali: Hiyo sikuifikiria kabisa. Na mbwa je?

MamaSafari: Ana umri gani?

Kona_Kali: Tisa.

MamaSafari: Basi pima kizingiti cha buti. Kwenye wagoni kiko chini, atapanda mwenyewe. Kwenye SUV kiko juu, utambeba wewe.

Kona_Kali: Ana kilo 38. Nimemsomea mke, kanyamaza. Jumamosi tunakwenda kuzijaribu zote, na mbwa anakuja.