Maktaba ya mtaa Tudor, Mombasa: wakimbizi na mikoko vibaki au viondolewe?

BintiTudor: Jamani, nataka rai zenu. Maktaba yetu ya mtaa ni chumba kimoja, mikeka miwili, feni moja na viti kumi na viwili. Siku hizi kila alasiri watoto wa wakimbizi wanasomeshwa Kiswahili humo, na Jumamosi watoto wote hupelekwa ufuoni kupanda mikoko. Wazazi wengine wasema mambo haya mawili yanawanyima watoto wa mtaa nafasi ya kusoma. Wewe waonaje?

MamaGredi6: Viondolewe. Mwanangu ana mtihani mwaka huu. Akitoka shuleni saa kumi akimbilia maktaba, afika viti vimejaa. Nyumbani ni chumba kimoja, yeye na wadogo zake watatu, na taa ni hiyo moja. Maktaba ndiyo meza yake. Hao wageni wangejifunza Kiswahili huko kwao kwanza, ndipo waje kukalia viti vya watu.

MBarawa: Mgeni ni nani, mama? Mimi nimezaliwa kambini Utange, hapa hapa Mombasa, upande wa Kisauni. Wazee wangu waliingia na jahazi Somalia ilipovunjika mwaka 1991. Na hicho Kiswahili watuambia tukajifunze, Barawa tukikisema kabla mtaa wako haujakuwako. Chimwini, lugha yetu ya Barawa, ni Kiswahili. Nyinyi mwasema kisu, sisi twasema chisu.

MzeeKuze: Mwanangu, wazee wako nawakumbuka. Tuliwapelekea sufuria za wali Utange, na mikeka. Udugu upo. Lakini Chimwini ni lugha yake. Mimi Mmvita, mtu wa Mombasa, nikimsikiliza mkongwe wa Barawa, nusu yanipita.

MBarawa: Na Mmvita akimsikiliza mtu wa Pate, kule Lamu? Mbona huyo humwambii si Mswahili?

MamaGredi6: Msinigeuzie maneno. Sikusema Wabarawa. Nasema hawa wa juzi, Wakongo na Warundi.

MwalimuWaJioni: Mimi ndiye niwasomeshao, na neno hilo limeniuma. Kongo Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa. Nina msichana wa Bukavu. Siku ya kwanza alisema "batoto" na darasa zima likacheka. Alikaa mlangoni wiki nzima, viatu mkononi, tayari kuondoka. Sasa ndiye awashikaye vidole wadogo wakifuata mistari, na mmoja wa wadogo hao ni wa mtaa wetu, wala si mkimbizi. Nikimfukuza yeye, huyo mdogo naye amepoteza mwalimu.

WakiliMdogo: Naomba tutazame mzizi. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya maktaba. Tungeandika barua ya mtaa mzima tuombe chumba cha pili, badala ya kunyang'anyana viti kumi na viwili.

KijanaMikindani: Mimi ugomvi wangu ni hiyo mikoko. Ile iliyopandwa mwaka juzi nimepita nikaiona, mingi imekauka. Mumepanda mkoko mahali pa mchu. Kenya ina aina tisa za mikoko, na kila moja ina pahali pake: mlilana husimama mbele, maji yakiupiga, mkandaa hukaa nyuma huko. Mtoto apigwa picha na mche mkononi, kisha mche wafa. Huko ni kumfundisha mtoto uongo.

BintiTudor: Kijana, ungekuja Jumamosi ukatuonyesha.

KijanaMikindani: Nani aliniita?

MzeeKuze: Dari ya nyumba yetu ni boriti za mkoko, amezipandisha babu yangu. Majahazi yalizibeba hadi Uarabuni. Mtoto wa Mombasa asiyejua mkoko na mchu hajui kilichoshika paa la nyumba yake. Mimi niko upande wa tope.

MamaGredi6: Mzee, tope hilo nalifua mimi. Sare moja, sabuni kwa pesa yangu. Na taka za ufuoni je? Mifuko si ilipigwa marufuku 2018, mbona yangali imejaa?

WakiliMdogo: Agosti 2017. Ile iliyonaswa kwenye mizizi ni ya zamani na ya magendo. Na kuhusu mikoko na vitabu: kule Gazi, Kwale, wanakijiji wanauza hewa ya ukaa, yaani walipwa kwa ile hewa chafu mikoko yao huifyonza, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, na pesa hiyo imenunua vitabu vya shule na kuleta maji. Mambo haya mawili yaweza kulishana.

KijanaMikindani: Gazi walianza na wataalamu wa mikoko. Nyinyi mumeanza na fulana.

MwalimuWaJioni: Fulana zilitolewa sadaka, hatukununua. Na miche ilikauka kwa sababu mbuzi waliingia. Mimi mwenyewe niliwafukuza.

KijanaMikindani: Mbuzi hawali kila kitu, mwalimu. Tazama mstari wa maji. Lakini Jumamosi nitakuja na mbegu za mchu, tuone.

MamaGredi6: Tumefika Barawa, tumefika Gazi, tumefika kwa mbuzi. Hakuna hata mmoja aliyenambia Jumatatu saa kumi mwanangu atakaa wapi.

MzeeKuze: MBarawa, nimelala na hilo lako. Hoja ya chisu nimekupa, na ya Pate pia nimekupa. Lakini nambia, mkongwe wenu akiletewa utenzi wa Mvita, aufahamu bila kufasiriwa?