Mjadala: Je, Hattie McDaniel alipaswa kukataa kuigiza mtumishi wa ndani?

Wadau, habari za saa hizi.

Kila tuzo za Oscar zinapokaribia, jina la Hattie McDaniel hurudi midomoni mwa watu. Ndiye mtu Mweusi wa kwanza kushinda tuzo hiyo, kwa kuigiza Mammy, mtumwa wa ndani katika filamu ya Gone with the Wind, na hawakosekani wanaosema aliuza utu wa watu wake kwa kuigiza mtumishi wa wazungu karibu maisha yake yote. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mzigo ule haukuwa wake, na hata leo si haki kumtwika. Nitaeleza sababu, halafu mwenye hoja tofauti ailete.

Hattie alizaliwa Wichita, Kansas, miaka ya 1890, kitinda mimba katika watoto 13. Baba na mama yake wote walizaliwa utumwani. Baba, Henry, alipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani upande wa Kaskazini, akatoka na majeraha, kisha akahangaikia pensheni yake miaka nenda rudi. Hattie alikulia Colorado, akaacha shule mapema akazunguka na vikundi vya maigizo na muziki. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1915, ndoa ikiwa bado changa. Mdororo wa uchumi wa 1929 ulimkuta Milwaukee, kikundi chake kimevunjika, hana nauli wala kazi. Akaajiriwa kuhudumia choo cha wanawake katika klabu ya wazungu. Siku moja akapewa nafasi ya kuimba pale pale klabuni, na hakurudi tena chooni. Mwaka 1931 akaenda Los Angeles, na siku ambazo filamu hazikuwa na kazi alifua na kupika kwenye nyumba za watu.

Huyo ndiye tunayemwambia alipaswa kuchagua nafasi.

Sasa njooni kwenye usiku wenyewe, tarehe 29 Februari 1940, ukumbi wa Cocoanut Grove ndani ya hoteli ya Ambassador. Hoteli ile haikuwa ikipokea watu Weusi. Mtayarishaji wa filamu, David O. Selznick, ilibidi aombe ruhusa maalumu ili mwigizaji wake mwenyewe aingie mlangoni. Hattie akaingia amevaa maua meupe ya gardenia, akaketishwa kwenye meza ndogo kando ya ukuta, yeye, aliyemsindikiza na wakala wake, mbali na meza walipokaa wenzake wa filamu ile ile ya Gone with the Wind. Jina likatajwa. Akatoka kule ukutani hadi jukwaani, akasema anatumaini daima atakuwa fahari kwa watu wa asili yake na kwa tasnia ya filamu, akapokea tuzo, akarudi ukutani. Katika orodha aliyoishinda alikuwemo Olivia de Havilland, mzungu, aliyeigiza naye humo humo.

Miezi miwili na nusu kabla ya hapo, Desemba 1939, filamu ilizinduliwa Atlanta kwa shamrashamra za mji mzima. Hattie hakuhudhuria, kwa sababu sheria za ubaguzi za jimbo la Georgia zisingemruhusu kukaa na wenzake. Watu walijaa ukumbini kumtazama kwenye pazia la sinema, ila yeye mwenyewe asionekane!

Lawama zilitoka kwa nani? Kwa watu wake pia, na hapa ndipo mjadala unapokuwa mgumu. Walter White, kiongozi wa NAACP, chama kikubwa cha kutetea haki za watu Weusi Marekani, alikuwa akipinga wazi nafasi za watumishi na vichekesho. Mwaka 1942 alikwenda Hollywood pamoja na mwanasiasa Wendell Willkie, wakazungumza na wakuu wa studio. Lengo lilikuwa jema. Lakini waigizaji Weusi waliokuwa wakiishi kwa kazi ile waliona wanajadiliwa juu ya vichwa vyao, na sidhani walikosea kuona hivyo. Hattie anakumbukwa kwa jibu lake kwamba ni afadhali alipwe dola 700 kwa wiki akiigiza mtumishi kuliko dola 7 akiwa mtumishi kweli. Wengi hulinukuu jibu hilo kama mzaha. Mimi naliona ni hesabu ya mtu aliyewahi kulipwa ile ya pili.

Tena tujiulize, angekataa, angepewa nini? Kanuni za maadili ya filamu za wakati huo zilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Mweusi na mzungu, kwa hiyo nafasi ya mpenzi au mke katika filamu kubwa ilikuwa imefungwa kwa mwanamke Mweusi kabla hata hajafika kwenye usaili. Mwimbaji Mweusi Lena Horne ndiye aliyeingia studio ya MGM mwaka 1942 akitazamwa kama sura mpya, bila nafasi za watumishi. Walichomfanyia ni kumpiga picha akiimba peke yake, mara nyingi amesimama kando ya nguzo, katika vipande vilivyotengwa na hadithi ili wenye majumba ya sinema katika majimbo ya Kusini yenye ubaguzi waweze kuvikata. Na Lena mwenyewe alisimulia kwamba Hattie alimkaribisha nyumbani kwake na kumpa moyo wakati waigizaji wengine Weusi wakimnunia.

Tuache pazia, tutazame alichofanya nje yake. Mwaka 1942 alinunua nyumba kubwa mtaa wa West Adams Heights, Los Angeles, ulioitwa Sugar Hill. Hati za viwanja vile zilikuwa na sharti kwamba nyumba isiuzwe wala kukaliwa na mtu asiye mzungu. Baadhi ya majirani wakafungua kesi kuwafukuza wakazi Weusi. Hattie, waigizaji wenzake Ethel Waters na Louise Beavers, na wengine wakasimama kidete, wakitetewa na wakili Loren Miller, na Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke akaitupilia mbali kesi ile kwa kutumia kinga za katiba. Mahakama Kuu ya Marekani ilikuja kuzuia mahakama nchini kote zisitekeleze masharti ya aina hiyo mwaka 1948. Msaliti gani huyo anayewafungulia wenzake mitaa?

Mwaka huo huo wa 1945 ndio uliomvunja moyo. Alikuwa ametangaza ana mimba baada ya miaka mingi ya kutamani mtoto, akanunua nguo za kichanga na kuandaa chumba, kisha madaktari wakamwambia hakuna mimba. Ndoa yake ya tatu ikavunjika, naye akazama kwenye huzuni nzito. Filamu nazo zikapungua. Studio hazikuandika nafasi bora kama NAACP ilivyotaka, mara nyingi ziliziondoa tu zile za zamani. Redio ndiyo ikamwokoa: kuanzia Novemba 1947 aliongoza kipindi cha Beulah, mwanamke Mweusi wa kwanza Marekani kuwa mhusika mkuu wa kipindi chake mwenyewe redioni. Kabla yake mhusika huyo, mwanamke Mweusi, alikuwa akiigizwa na wanaume wazungu!

Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952 kwa saratani ya matiti. Wosia wake ulitaja jeneza jeupe, sanda nyeupe, gardenia nyeupe nyweleni na mikononi, na kaburi katika makaburi ya Hollywood. Makaburi yale yalimkataa kwa rangi yake, akazikwa Rosedale. Oscar yake, ambayo ilikuwa kibao kidogo na si sanamu, kwa kuwa ndivyo waigizaji wasaidizi walivyopewa enzi hizo, aliiachia Chuo Kikuu cha Howard. Ikapotea. Oktoba 2023 ndipo waandaaji wa tuzo walipokipa chuo nakala mpya.

Naomba kuwasilisha. Karibuni.

*Mchangiaji wa kwanza, Nairobi:*

Asante kwa mada, ndugu, lakini umemtetea mtu na kuiacha sinema. Tatizo la mhusika Mammy si kwamba anafua na kupika. Tatizo ni kwamba anawapenda mabwana zake kuliko nafsi yake, na hata vita vinapomalizika hana pa kwenda wala hataki. Mamilioni ya watu walitoka ukumbini wakiamini utumwa ulikuwa familia moja yenye furaha. Hilo ni dhara, na uso uliolibeba ni wa Hattie. Pia usiseme hakukuwa na njia nyingine. Mwimbaji na mwigizaji Mweusi Paul Robeson mwaka 1942 alitangaza hataki tena filamu za Hollywood zinazodhalilisha watu Weusi, akaondoka na heshima yake. Na tazama mlolongo ulivyokuja: Octavia Spencer alishinda 2012 akiigiza mtumishi wa ndani, Lupita wetu 2014 akiigiza mtumwa. Miaka 74 baada ya Hattie! Pengine watangulizi wangegoma mapema, Lupita angeanzia kwingine.

*Mchangiaji wa pili, Tanga:*

Mimi namuunga mkono mleta mada, ila kwa sababu nyingine. Bibi yangu aliyenilea alifanya kazi za ndani kwa miaka mingi, na sioni kwa nini mtu kama yeye asionekane kwenye filamu. Hattie aliigiza mwanamke anayemkaripia bibi mdogo wa nyumba na kuwaona wazungu wote kwa undani wao. Kinachonikera ni kwamba mwandishi hakumpa mume, mtoto, wala hata jina. "Mammy" si jina.

*Mleta mada:*

Nashukuru wote wawili. Wa Tanga, hilo la jina ni kweli kabisa, na linaonyesha kalamu ilikuwa mkononi mwa nani.

Dada wa Nairobi, kuhusu dhara la filamu nakubaliana nawe bila kusita. Ni filamu inayopamba utumwa. Lakini Selznick alikuwa na madaraka ya kuibadilisha, na tunajua alikuwa nayo: vyombo vya habari vya watu Weusi na NAACP walipomshinikiza, lile tusi baya la rangi liliondolewa kwenye maandishi. Palipobanwa, yeye ndiye aliyelegeza. Hattie hakuwa na kalamu hiyo.

Robeson namheshimu sana. Lakini kabla ya kugoma 1942 alikuwa na shahada ya sheria ya Columbia, jina kubwa la uimbaji na majukwaa ya London. Na hata yeye, mwaka 1935, alikuwa ameigiza chifu mtiifu katika Sanders of the River, filamu ya Uingereza inayosifu utawala wa kikoloni Afrika, ambayo baadaye aliikana. Humo humo, miongoni mwa waigizaji wa ziada, alikuwemo Mkenya aliyekuwa akiishi London na kuhitaji fedha: Jomo Kenyatta. Sijawahi kumsikia mtu Nairobi akimwita Mzee msaliti kwa sababu ya nafasi ile. Tunasema alikuwa ugenini, alihitaji kula, na tunampima kwa aliyoyafanya baadaye. Naomba kipimo hicho hicho kwa Hattie, kesi ya Sugar Hill ikiwemo.

Kuhusu Lupita, ni kweli inauma. Ila aliyekuwa akiamua mwaka 2014 ni hadithi zipi zipate fedha na zipi zipate tuzo si Hattie. Ukitazama Oscar ya mwigizaji mkuu wa kike, mpaka leo mwanamke Mweusi aliyeichukua ni Halle Berry peke yake, mwaka 2002. Hapo ndipo ningependa tuelekeze maswali, kwa wenye studio na wapiga kura wa tuzo, kwa sababu wao bado wako hai na wanaweza kujibu.