Roboti ya kuhimiza mazoezi: mbona wagonjwa wanaichoka?

Swali: Tunatumia NAO, ile roboti yenye umbo la mtu na kimo cha sentimita 58, kuwahimiza waliopata kiharusi wafanye mazoezi ya mkono. Mwanzoni wanaifurahia, kisha hawaitazami tena. Isitoshe, inasifu hata anayekosea. Turekebishe wapi?

Jibu la 1: Anzeni na hizo sifa zisizostahili, maana ndizo zinazoua imani. Aliyepooza upande mmoja huinamisha kiwiliwili badala ya kunyoosha kiwiko. Kamera ikifuata kiganja tu, itaona mkono umefika. Pimeni pembe ya kiwiko pamoja na mwinamo wa kiwiliwili. Halafu roboti itaje kilichofanyika: "Kiwiko kimenyooka kuliko mara iliyopita." "Hongera" ya kila rudio haisikiki tena.

Jibu la 2: Naongezea ugumu. Akifaulu 9 kati ya 10, sogezeni shabaha mbali kidogo. Akishuka chini ya 6, irudisheni. Bega likiuma, roboti isimamishe zoezi na kumwita mtaalamu. Isimhimize kamwe avumilie maumivu!

Jibu la 3: Kagueni pia usemi. Mwenye afasia, yaani shida ya kusema au kuelewa lugha baada ya kiharusi, huhitaji sekunde kadhaa kujibu, na roboti ikimkatiza anakata tamaa. Sentensi ziwe fupi, zikiambatana na ishara. Ambaye kiharusi kimemfanya asitambue upande wa kushoto hataiona roboti ikiwekwa huko. Ianzie anakoona, isogezwe taratibu.

Jibu la 2: Jambo jingine: mota za NAO hupata joto ikionyesha zoezi mfululizo. Ionyeshe ikiwa imekaa, na mlegeze viungo vya roboti wakati mgonjwa anafanya zamu yake.