Kurushia magari mawe kwa mzaha: kwa nini mahakama huita mauaji?

BabaNeema: Ndugu zangu, tunaishi Colorado, Marekani, na mwanangu wa miaka 17 ananibishia kuhusu kesi ya Aprili 2023, ambapo vijana watatu wa miaka 18 walizunguka usiku katika kaunti ya Jefferson wakirushia mawe magari yaliyokuwa yakija mbele yao, hadi jiwe moja likapenya kioo na kumuua dereva, msichana wa miaka 20. Mwaka 2025 mmoja alifungwa maisha. Wenzake waliokiri makosa walipewa miaka 32 na 45. Mwanangu anasema ulikuwa mchezo tu. Nimjibu nini?

MwalimuMstaafu: Mwambie asipime hatari kwa nguvu za mkono. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa hupita karibu mita 28 kila sekunde, kwa hiyo hata jiwe lililoachiwa tu kutoka darajani hukutana na kioo kwa mwendo huo, na mwendo ukiongezeka maradufu nishati huwa mara nne. Huko Michigan mwaka 2017, jiwe la karibu kilo 3 lililodondoshwa juu ya barabara kuu ya I-75 lilimuua abiria. Katika kisa chenu magari mawili yalikuwa yakielekeana, na hapo mwendo wa moja hujumlishwa na wa jingine.

WakiliMsomi: Sheria ya Colorado haidai kwamba uwe ulimlenga mtu fulani, kutojali kabisa uhai wa binadamu kunatosha kwa mauaji ya daraja la kwanza, yaani kosa zito zaidi la mauaji. Hata kwetu, kifungu cha 200 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na cha 206 cha Kenya, huhesabu kuwa ni dhamira ovu, yaani nia inayofanya kuua kuwe mauaji ya kukusudia, pale mtu anapojua kuwa tendo lake yamkini litaua, ingawa hajali litokee au lisitokee.

MamaSubira: Nakubali, lakini kifungo cha maisha kwa kijana wa miaka 18 kinanitia shaka. Mwaka 2004, huko Long Island, New York, mwanafunzi alirusha bata mzinga aliyegandishwa na kuvunja mifupa ya uso wa dereva. Mama huyo mwenyewe alimwombea huruma mahakamani, na kijana akafungwa miezi sita, kisha akawa chini ya uangalizi kwa miaka mitano.

WakiliMsomi: Mama, huyo alibaki hai akaweza kuomba. BabaNeema, mweleze pia kijana kwamba anayeendesha gari ili wenzake warushe huweza kushtakiwa kwa kosa lile lile.