Boli paithoni au chatu wetu wa hapa? Naandaa sanduku kwanza

MtuWaRaskazone (Tanga): Wakuu habarini. Nimesaidia kulea chatu wa mjomba miaka mitatu, huyu chatu wetu wa hapa, ana kibali chake, saa hizi kagonga mita 3 na kumtoa sandukuni lazima tuwe wawili maana akishtuka anang'ata kwanza. Sasa nataka wa kwangu. Nalinganisha boli paithoni, yule chatu mdogo wa Afrika Magharibi, chatu wetu, na yule wa Bama (Burma, siku hizi Myanmar). Nianzie wapi?

kibali_kwanza: Anzia kwenye karatasi ndugu yangu. Chatu wote wako kwenye viambatisho vya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwahiyo kumwingiza kunataka vibali, na kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009 kumiliki nyara au mnyamapori bila leseni ni kosa, hata uliyemwokota shambani kwako. Nenda TAWA, mamlaka ya wanyamapori Tanzania, kabla hujanunua hata ubao.

Mwana_Bagamoyo: Wa Bama mtoe kwenye hesabu kabisa, anapita mita 5, kule Florida waliwaachia porini wakazaliana mpaka Marekani 2012 ikapiga marufuku kuwaingiza. Chatu wetu naye anakwenda hukohuko kwenye mita 4, 5. Boli jike mkubwa anaishia mita 1.2 mpaka 1.5, dume mdogo zaidi, akiogopa anajiviringisha anaficha kichwa katikati basi. Ila anaishi miaka 20 hata 30, na akigoma kula anaweza kukaa miezi na wewe huna usingizi.

Kingine, watu wanakazana na balbu na pedi za joto, huku pwani shida siyo joto, shida ni ubaridi! Boli anataka upande wa moto digrii 31 mpaka 33 na upande wa pili 25 mpaka 27, achague mwenyewe. Februari chumba changu chenyewe kilikuwa 32, sasa upande wa baridi utoke wapi? Nikashusha sanduku sakafuni kwenye simenti, ukuta wa kaskazini usiopigwa jua la jioni, ndo ikatulia. Na unyevu ukizidi bila hewa kupita utaona vipovu puani, anapumua mdomo wazi, hapo ni daktari siyo mafuta ya mkaratusi.

dada_makorora: Msisahau utitiri jamani. Wangu alikuja mzima, siku ya tano nikaona vidoadoa vyeusi kwenye bakuli la maji kama pilipili manga iliyosagwa, kumbe ndo wenyewe. Mgeni mtenge miezi miwili mitatu chumba chake, gazeti chini siyo maganda ya nazi, uone kila kinachodondoka. Panya awe unene wa tumbo la nyoka tu, tena aliyekufa tayari, panya hai anamtafuna nyoka aliyegoma kula.

MtuWaRaskazone: Asanteni sana, dada hilo la gazeti sikulijua. Nimeamua boli. Sanduku tupu nimeliweka tangu juzi na vipimo viwili, kila upande kimoja, leo saa 11 alfajiri unyevu umesoma asilimia 88 na kifuniko kilikuwa kinadondosha matone. Kesho naongeza matundu ubavuni, juu na chini, nisipoona wiki nne mfululizo zimetulia siagizi nyoka.

Mwana_Bagamoyo: Na komeo mkuu. Boli anasukuma kifuniko kwa pua usiku kucha.

MtuWaRaskazone: Yako mawili, naweka la tatu.